Magunia Kwenye Ua wa Mama Ayen

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe kumi na moja mwezi wa nane, saa tatu asubuhi, simu ya Akuch ilipolia mara moja ikanyamaza. Ulikuwa ujumbe wa Kiingereza, maana wanaogawa chakula kambini Kakuma huwaandikia wenye njaa kwa lugha ya walioshiba. Akuch alimpa simu binti yake mkubwa, Ayen, aliyekuwa gredi ya nane. Ayen alisoma, akasoma tena.

"Kundi la nne," alisema.

"La nne ni nini?"

"Wanaojiweza, mama. Kundi la nne hawapewi kitu."

Akuch alicheka kicheko cha kweli. Alitazama nyumba yake ya matofali ya udongo, akatazama watoto wanne wenye mama mmoja na kitanda kimoja. Mumewe alirudi Sudan Kusini miaka mitatu iliyopita kutafuta ng'ombe wa babake, na tangu hapo yeye hajaonekana wala ng'ombe hawajaonekana.

"Wamekosea namba," alisema. "Naenda kuwaambia."

Alipanga foleni mpaka saa nane mchana. Mbele yake palikuwa na dirisha la waya, nyuma ya waya kijana wa miwani, nyuma ya kijana feni. Kijana hakuinua macho.

"Mama, wewe ni mfanyabiashara."

"Mimi?"

"Imeandikwa hapa. Makaa. Magunia ishirini na sita uani. Waliokuja kuhesabu mwezi wa tano waliyaona kwa macho yao. Mtu mwenye magunia ishirini na sita anataka unga wa bure wa nini?"

Watu wa foleni walicheka, kile kicheko cha mtu anayeomba kisije kikamgeukia. Akuch aliondoka dirishani. Magunia yalikuwepo, ni kweli. Lakini hayakuwa yake.

*

Yalikuwa ya Ejore.

Ejore ni Mturkana wa ng'ambo ya laga, ule mto wa mchanga unaotenganisha ukingo wa kambi na vijiji vya wenyeji. Anachoma makaa ya mathenge, mti wa miiba ambao wakubwa fulani waliuleta zamani wakisema utazuia jangwa, ukazuia njia. Kuchoma makaa kunataka kibali. Kibali kinataka ofisi, na ofisi inataka kitu kidogo. Asiye na kibali akikutwa na gunia nyumbani kwake, gunia hubebwa, na hakuna ajuaye linaishia jikoni kwa nani.

Kwa hiyo Ejore alifanya kama wengi wafanyavyo upande ule. Aliyaweka makaa yake kwa rafiki wa kambini, ambako askari hawana mazoea ya kuingia. Kila mwezi Akuch alichukua gunia moja la kupikia, na kila mgao ulipotoka alivusha unga na maharagwe kwenda kwa Ejore. Hapakuwa na karatasi. Mke wa Ejore ndiye aliyepatana na Akuch, wakiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mwanamke huyo alikufa mwaka juzi, siku ambayo gari la wagonjwa halikuwa na mafuta, ingawa gari la mkubwa mmoja lilipita mara mbili likitimua vumbi. Wanawake wa Sudan walivuka laga wakakaa chini na wenyeji siku saba. Akuch ndiye aliyemnyoa Akai, binti wa pekee wa Ejore, nywele za msiba. Mtu aliyekunyoa siku kama hiyo haitwi tena jirani.

Jioni ya Jumatatu ile Akuch alivuka laga mikono mitupu. Ejore alikuwa akishona mdomo wa gunia, Akai akipepeta mtama.

"Ejok, Baba Akai," alimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok. Mbona uso namna hiyo? Nani amekufa?"

"Bado." Akuch alikaa juu ya dumu la maji. "Mimi ni tajiri sasa. Wameniambia wakubwa."

Akawaeleza yote, hata kicheko cha foleni. Sindano ya Ejore ilisimama katikati ya gunia.

"Na wewe hukusema hiyo makaa ni yangu?"

"Niseme, halafu kesho askari wako hapa? Wewe utakula nini? Utakula Akai?"

"Na watoto wako watakula nini, Mama Ayen?"

"Unga uko wa siku tisa. Nikipima na kikombe kidogo, kumi na mbili."

Akai alikusanya mtama uliokwisha pepetwa, akaufunga kwenye kitambaa, akamwekea Akuch mapajani. Akuch aliukataa mara moja kwa adabu. Mara ya pili hakukataa.

"Siku kumi na mbili," Ejore alisema, akivuta uzi. "Mungu alimaliza kuumba dunia kwa sita. Hii yetu ni ndogo."

*

Kesho yake Ejore alikwenda mwenyewe kwenye dirisha la waya. Kijana wa miwani alimwambia kwamba mwenyeji hawezi kulalamika kwa niaba ya mkimbizi. Anaweza tu kuleta kiapo kilichopigwa muhuri na wakili kwamba mali ni yake. Wakili yuko Lodwar. Akuch mwenyewe hakuweza kwenda Lodwar, kwa kuwa mkimbizi hatoki Kakuma bila ruhusa, na ruhusa huchukua wiki mbili.

"Njaa yake haina wiki mbili," Ejore alisema.

"Mzee, sheria sikuitunga mimi."

"Najua. Nyinyi wa dirishani hamkutunga kitu hata siku moja. Aliyetunga simuoni."

Habari zikamtangulia mjini. Alipofika kwenye kibanda cha chai alimkuta Emuria, mzee wa kanisa na mchoma makaa mwenzake, akimngoja.

"Nasikia unaenda kuapa."

"Naenda."

"Hata mbuzi, Ejore, na ujinga wake wote, hajipeleki kwa kisu. Ukisema yako, wataingia kila nyumba ya kambi. Mimi niko na gunia kumi na nne kwa Jal kule kambini. Adome ako na thelathini kwa Msudani wake."

"Na huyo Jal wako wamemweka kundi gani?"

Emuria alikoroga chai isiyokuwa na sukari.

"Kundi gani, Emuria?"

"Sijui. Ameacha kunisalimia."

Ejore alicheka mpaka mwenye kibanda akageuka. "Basi amekuambia."

"Wacha waonje na wao!" Emuria alipiga meza. "Miaka thelathini wanapewa, sisi wenye ardhi tunaangalia tu."

"Wewe uliangalia? Hiyo tumbo imetoka kwa mbuzi za nani? Si unga wa Jal huo?" Ejore alisimama, akalipa chai zote mbili ili asiwe na deni la maneno. "Wakubwa wametuhesabu vibaya, ndugu yangu, na wewe unafurahi kwa sababu walianza na jirani."

*

Kanisa lao ni mabati juu ya nguzo za chuma, upande wa kambi, hatua chache kutoka laga. Zamani watu walikaa ovyo. Tangu ugomvi wa bomba la maji mwezi wa pili, Waturkana walihamia kulia, Wasudani kushoto, na njia katikati ikawa pana kuliko laga. Viongozi wa juu walipokuja kutembelea walisifu utaratibu mzuri wa viti.

Katekista ni Pal. Pal ni Mnuer na Akuch ni Mdinka. Kwao wangeweza kutazamana juu ya mtutu wa bunduki, hapa hutazamana juu ya kitabu cha nyimbo. Jumapili ile Pal alisimama mbele, akafunga kitabu.

"Habari ya mwili mmoja mmeisikia mpaka imewachosha," alisema. "Leo sisomi. Naomba kitu kimoja. Asiyekula jana jioni anyanyue mkono."

Watu walitazama sakafu. Kisha mkono mmoja ulipanda kushoto, ukapanda wa pili, ikawa kama mtama unaoota. Wengine waliinua nusu, kiwiko kikiwa bado kimeshikana na ubavu. Pal alingoja. Upande wa kulia, bibi mmoja wa Kiturkana, Aregae, muuza kuni, aliinua wake juu kabisa, bangili zikashuka mpaka kwapani.

"Mama, hata wewe?" Pal aliuliza.

"Nitakula wapi? Aliyekuwa ananunua kuni yangu kwa unga sasa hana unga. Wewe ulifikiri njaa inajua kiti?"

Watu walicheka, na wakicheka hivyo mikono ya kulia ikaanza kupanda.

Ndipo Ejore aliposimama. Hakuwa msemaji. Kofia aliishika kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye nimemnyima Mama Ayen chakula," alisema. "Sikumnyima na mkono. Niliweka magunia yangu kwake, nikalala vizuri, yeye akaandikiwa utajiri wangu. Kesho naenda Lodwar kuapa. Mwenye kutaka kunizuia anizuie sasa, hapa ndani, asinifuate njiani."

Emuria alikuwa akichunguza kandambili zake. Akuch, upande wa kushoto, alijifunika uso kwa khanga.

"Vizuri," Aregae alisema kwa sauti ya sokoni. "Na mpaka hao wa Lodwar wapate kalamu, watoto wanakula nini? Kiapo?"

Akai ndiye aliyejibu, bado ameketi. "Tupike pamoja. Nyumba moja ya huku na nyumba moja ya kule, sufuria moja. Mwenye mtama alete, mwenye chumvi alete. Mpaka jibu litoke."

"Na asiye na kitu?" mtu aliuliza.

"Alete watoto."

Hapakupigwa kura. Watu waliinuka wakaanza kuvuka ile njia ya katikati, wakitafutana, wengine kwa jina, wengine kwa aibu. Nyumba kumi na moja zilipatana kabla ya wimbo wa mwisho. Emuria alitoka kabla ya wimbo.

*

Nauli ilitoka kwenye kuku wawili wa Akai. Ejore alifika Lodwar saa mbili asubuhi, akaingia ofisi ya wakili, akapewa kiti. Baada ya dakika tano karani, msichana aliyejipaka manukato, alikuja akasimama mbali kidogo.

"Mzee, ngoja nje. Kuna wageni wanakuja, na wewe... kuna moshi."

Alikaa kwenye ngazi mpaka saa sita. Wageni walikuja wanne, wakaondoka wanne. Jua lilipoimaliza ngazi yote ndipo alipoitwa.

Wakili alikuwa mtu wa makamo, si mbaya, amechoka tu. Aliandika Kiingereza huku akiuliza Kiswahili.

"Magunia ishirini na sita. Yako. Kibali unacho?"

"Sina."

Kalamu ilisimama. "Mzee, unaelewa? Ukiweka sahihi hapa umejishtaki mwenyewe. Wakitaka, watakuja kubeba kila kitu, na wewe juu yake."

"Andika."

"Huyo mama ni nani wako?"

"Ndugu."

"Ndugu kivipi? Wewe Mturkana, yeye Mdinka."

"Andika ndugu. Ikikwama, weka kwa Kiingereza."

Wakili alicheka pasipo kutaka. Alisukuma kidau cha wino. Ejore alibonyeza dole gumba juu ya karatasi, likaacha doa jeusi lisilo na mstari hata mmoja. Akajaribu la kushoto. Doa tena.

"Hiki ni kidole au kipande cha kuni?" karani aliuliza mlangoni.

"Miaka ishirini na mbili kwenye tanuru, binti yangu. Mistari ilibaki huko."

"Watakataa hii," wakili alisema. "Watasema imechakachuliwa."

"Basi nipe kalamu."

Aliinama juu ya meza muda mrefu. Herufi tano, kila moja ikiegemea mwenzake kama watu wanaotoka msibani. Hakuwahi kusoma. Hizo tano alifundishwa na mkewe, kwa mkaa, juu ya kipande cha bati. Alipomaliza alirudisha kalamu kwa heshima, akachukua karatasi yake. Kwenye mlango alimgeukia karani.

"Moshi ni wa chakula chako pia," alisema bila hasira. "Sufuria ya kwenu inachemka kwa nini, kwa maombi?"

*

Kijana wa miwani alipokea kiapo, akakigonga muhuri, akasema wataangalia. Lakini njia ya kunyang'anya ina lami, na njia ya kurudisha ni mchanga mtupu. Siku ya tatu jibu la chakula lilikuwa bado, lori lilikuwa limekwisha fika kwenye ua wa Akuch.

"Mwenye makaa nani?" mkubwa wa askari aliuliza, ameshika fomu.

"Mimi," Ejore alisema. Alikuwa ameitwa mbio, jasho likimtoka.

"Mimi," Akuch alisema, akasimama mbele yake.

Askari aliwatazama. "Mmoja wenu anadanganya."

"Uliza ofisi," Akuch alisema. "Wao wenyewe wameandika kwa mashine, magunia ishirini na sita, mali ya Akuch. Wameninyima chakula kwa hiyo makaa. Sasa na wewe unataka kuniambia si yangu? Basi nipe chakula yangu."

"Mama Ayen, toka hapo," Ejore alinong'ona.

"Nyamaza, Baba Akai. Leo ni zamu yangu kuwa tajiri."

Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua, na kicheko kilichotoka safari hii hakikuwa kile cha foleni. Askari alitazama fomu yake. Ilikuwa na mstari mmoja wa jina. Akaikunja, akaitia mfukoni, akawaamuru vijana wapakie. Walibeba yote ishirini na sita, mpaka lile lililofunguliwa la kupikia. Mtu hawakumbeba.

Palibaki ardhi nyeusi, pana kama chumba. Ejore aliikanyaga akaizunguka mara moja, mikono nyuma. Kazi ya miezi mingi ilikuwa imekwenda na lori.

"Sasa pana nafasi," alisema. Alikwenda ukutani, akaleta mawe matatu, akayapanga katikati ya weusi ule.

Walikuwa wanasonga ugali wa kwanza Emuria alipotokea, Jal akimfuata nyuma, mtu mrefu aliyebeba kopo la maharagwe kama amebeba yai. Emuria alikohoa.

"Sufuria yetu imetoboka," alisema. "Tunaweza kuingia hapa siku mbili tatu?"

"Imetoboka wapi?" Ejore aliuliza.

"Ejore, usinimalize. Imetoboka."

"Kaa basi, ndugu yangu. Na tumbo yako ikae mbali na moto, itauzima."

*

Mwezi ulipita. Unga wa siku kumi na mbili ulikuwa umesahaulika na watoto walikuwa hai. Walikula mara moja kwa siku, siku nyingine mtama na matunda ya mti wa mkoma, siku nyingine maharagwe ya Jal. Waliokuwa bado wanapata mgao mdogo waliukata mara mbili. Wakubwa hawakuja kuona, ila mmoja alituma mtu apige picha ya sufuria mojawapo, akasema itasaidia kwenye ripoti. Ejore alikwisha panga tanuru jipya, dogo. Viti vya kanisa vilikuwa ovyo tena.

Alhamisi moja, saa saba mchana, binti mmoja aliingia uani akiwa na fulana ya kazi na mashine bapa ya kuandikia. Alisalimu kila mtu kwa mkono, hata mtoto wa mwisho mwenye ugali viganjani. Alikuwa mtu wa bara, mgeni, na jua lilikuwa limeshamchoma pua.

"Natafuta nyumba ya Akuch. Nimekuja kwa ile rufaa."

Akuch alisimama, akajipangusa mikono.

"Kiapo kimekubaliwa," binti alisema, akatabasamu, maana hakupata kazi nyingi za kutoa habari njema. "Magunia yametolewa kwenye jina lako. Ni maswali machache tu, halafu nyumba inarudi kundi la kwanza. Chakula kamili, mwezi huu huu."

Ayen alipiga makofi. Akai alimkumbatia Akuch shingoni. Ejore alitazama ile ardhi nyeusi na mawe yake, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Maswali yalianza. Mbuzi wangapi? Hakuna. Nani ameajiriwa? Hakuna. Nani analala hapa? Akuch na wanne. Binti alikuwa akibonyeza upesi. Kisha kidole chake kilipunguza mwendo. Alitazama sufuria. Alitazama bakuli mkononi mwa Ejore, na mwiko mkononi mwa Akai.

"Na hawa?"

"Ndugu zangu," Akuch alisema.

"Wakimbizi?"

"Wenyeji," Ejore alijibu. "Tuko na kitambulisho."

Binti alichuchumaa ili asizungumze kutoka juu.

"Sikilizeni, sitaki kuwadanganya. Mashine inasema nyumba ni watu wanaokula sufuria moja. Mwenyeji mwenye kitambulisho akiwa ndani ya nyumba, nyumba yote inatoka kwenye orodha. Si kundi la nne. Inatoka kabisa."

"Hakuna mahali pa kueleza?" Ejore aliuliza.

"Hakuna. Ni ndiyo au hapana."

"Aliyeandika hilo swali anakaa wapi?"

"Mzee, simjui."

Ejore aliweka bakuli chini. Alianza kuinuka, polepole, ili aondoke uani na binti yake na kurudi kwao, ili jibu liwe jepesi. Akuch alimshika kifundo cha mkono.

"Kaa."

"Mama Ayen. Watoto."

"Nimesema kaa. Ugali unapoa."

Watoto walikuwa wameacha kutafuna. Ng'ambo ya uzio wa miiba Aregae, aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni, alisimama na mzigo wake kichwani, na nyuma yake Emuria na Jal, wakija na chumvi, wakasimama pia. Hawa nao wana sufuria za pamoja, na binti angewafikia nao kabla ya jioni. Mashine ilikuwa inaanza kufifia kwa kungoja. Binti aliigusa ikawaka tena.

"Mama, samahani," alisema kwa upole, kidole kikiwa juu ya kioo. "Lazima niulize. Nyinyi mnakula sufuria moja?"